Kosa la Wengi, Adhabu ya Kila Mmoja: Historia ya Nia ya Pamoja katika Mahakama za Afrika Mashariki

Watu wanne wakivamia duka usiku, mmoja akamkata panga mwenye duka hadi kufa, wa pili akipekua droo, wa tatu akishika tochi na wa nne akisubiri nje juu ya pikipiki, sheria za Kenya, Tanzania na Uganda zinaweza kuwatia wote wanne hatiani kwa mauaji. Kanuni inayowafunga pamoja huitwa nia ya pamoja: walioungana kutenda uovu hubeba kwa pamoja matokeo yake, hata kama mkono uliopiga ulikuwa mmoja. Kutia hatiani, hata hivyo, ni nusu ya kazi ya mahakama. Inabaki adhabu, na hapo ndipo aliyeshika panga na aliyeshika tochi huanza kutazamwa kama watu wawili tofauti, au hunyimwa nafasi hiyo kabisa.

Historia ya adhabu kwa makosa ya kundi katika eneo hili ni historia ya swali moja: nani mwenye mamlaka ya kupima sehemu ya kila mmoja? Zamani walikuwa wafiwa na wazee. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 alikuwa gavana, kisha rais, akikaa na faili ikulu baada ya jaji kumaliza kazi yake. Ni tangu 2009 tu kwamba mzigo huo umeanza kurudi kwa jaji, na hata sasa haujarudi wote.

Damu, fidia na ukoo: kabla ya ukoloni

Katika miji ya pwani, makadhi waliamua kwa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, wengi wao wakifuata madhehebu ya Shafi, ingawa masultani wa Zanzibar walikuwa Waibadhi. Suala la wengi kumuua mmoja lilikuwa limejadiliwa tangu karne za mwanzo za Uislamu. Inasimuliwa kwamba Khalifa Umar bin Khattab aliwaua watu kadhaa kwa ajili ya mtu mmoja waliyemuua kwa hila, akaeleza kuwa hata mji mzima wa Sanaa ungeshiriki, asingesita. Wanazuoni wengi walishika rai hiyo kwa sababu iliyo wazi: kama kisasi kingeanguka kwa kuwa wauaji ni wengi, kila mwenye nia ya kuua angetafuta mwenzake wa kujifichia.

Ndani ya fiqhi hiyohiyo, lakini, kulikuwa na mlango. Warithi wa marehemu, ndio wenye haki ya damu, waliweza kudai kisasi kwa mmoja, kumsamehe wa pili, na kupokea kwa wa tatu fungu lake la diya, yaani fidia ya damu. Wakosaji walikuwa sawa katika hatia bila kulazimika kuwa sawa katika malipo, na aliyewatenganisha alikuwa yule aliyeumizwa na kosa.

Bara, jamii nyingi zilihesabu mauaji kuwa deni la ukoo kwa ukoo. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 kuhusu Wakikuyu, anaeleza fidia ya mbuzi au kondoo 100 kwa mwanamume na 30 kwa mwanamke. Deni likilipwa na ukoo mzima, halikuwa jambo zito kujua nani alitangulia kupiga. Miongoni mwa Wakamba kulikuwa na king'ole: mtu aliyeaminika kuwa mchawi hatari au mwizi sugu aliuawa na kundi, kwa uamuzi wa wazee na baada ya jamaa yake mwenyewe kuridhia. Wingi wa mikono ulikuwa na maana yake, kwamba damu ile isimwangukie mtu mmoja. Desturi hiyo ndiyo baadaye iliyokutana uso kwa uso na sheria iliyofikiri kinyume chake kabisa, kwamba wingi wa mikono haupunguzi damu bali humwangushia kila mmoja damu yote.

Asili ya Kiingereza, 1541–1861

Sheria hiyo ilitoka Uingereza. Mwaka 1541 Lord Dacre, kijana wa kikabaila, aliongozana na wenzake kwenda kuwinda bila ruhusa katika pori la jirani yake huko Sussex. Wakakutana na walinzi, ugomvi ukazuka, na mtu mmoja akauawa. Dacre siye aliyepiga. Alinyongwa Tyburn hata hivyo, kwa kuwa msafara ule ulikuwa wa kihalifu na wote walikuwa wameuingia kwa ridhaa. Kesi ya Swindall na Osborne ya 1846 ilipeleka hoja mbele zaidi: watu wawili walikuwa wakishindana kwa mikokoteni ya farasi, mzee mmoja akakanyagwa na kufa, na haikujulikana ni mkokoteni wa nani uliomkanyaga. Mahakama ikaona hakuna haja ya kujua, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akimchochea mwenzake. Sheria ya Bunge ya 1861 ikaweka wazi kwamba anayesaidia, kushawishi au kuagiza kosa anashtakiwa na kuadhibiwa kama mkosaji mkuu.

Neno la mwisho ndilo lenye uzito: kuadhibiwa. Adhabu ya mauaji ilikuwa kifo, bila hiari ya jaji. Tofauti kati ya kiongozi na mfuasi ilibaki kuwa suala la huruma ya mfalme na mawaziri wake. Mpangilio huo ulisafiri na dola kila ilikokwenda.

Kutoka Kolkata hadi Nairobi, 1860–1930

Safari ya kanuni hii kuja Afrika Mashariki ilipitia India. Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, ambayo rasimu yake ya kwanza iliandaliwa chini ya Thomas Macaulay katika miaka ya 1830, ilikuwa na kifungu cha 34 kuhusu kitendo kinachofanywa na wengi, na marekebisho ya 1870 yalikifungamanisha waziwazi na kuendeleza nia ya pamoja ya wote. Kifungu cha 396 kilikuwa kikali zaidi: watu watano au zaidi wakinyang'anya pamoja na mmoja wao akaua, kila mmoja aliweza kuhukumiwa kifo.

Waingereza walipojenga utawala wao Zanzibar na katika eneo lililokuja kuitwa Kenya, walileta sheria za India, na walipoichukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani wakafanya vivyo hivyo. Ndiyo sababu kesi ya posta ya Kolkata iliweza kuwahusu mahakimu wa Mombasa. Mwaka 1923 watu kadhaa walivamia posta ya Sankaritolla na kumpiga risasi mkuu wake. Barendra Kumar Ghosh alidai kwamba yeye alisimama nje tu, tena kwa woga. Baadaye Baraza la Mfalme huko London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya makoloni, liliikataa rufaa yake: anayesimama akilinda wakati wenzake wanafyatua naye anatenda, kwa kuwa kusimama kwake ni sehemu ya kazi ya kundi.

Mwaka 1930 makoloni yalipata kanuni mpya za adhabu, zilizofuata mfano ulioanzia Queensland nchini Australia, mahali ambapo jaji Samuel Griffith aliandika kanuni ya 1899, na kupitia Nigeria. Kifungu cha 21 cha Kenya na cha 23 cha Tanganyika vilitumia maneno yaleyale, na ndiyo yanayotumika hadi leo: watu wawili au zaidi wakiunda nia ya pamoja ya kutekeleza jambo lisilo halali, na katika kulitekeleza likatendeka kosa ambalo lilikuwa tokeo linaloelekea kutokea, kila mmoja anahesabiwa kulitenda.

Maneno hayo yana ukali ambao si rahisi kuuona mara moja. Hayaulizi mshtakiwa aliwaza nini. Yanauliza tokeo gani lilielekea kutokea. Anayekwenda na wenzake wenye mapanga kuvunja nyumba yenye watu hawezi kujitetea kwamba hakufikiria mtu angekufa, kwa sababu kifo ni tokeo linaloelekea la safari ya namna hiyo. Anayekwenda kuchomoa pochi sokoni, mwenzake akatoa bastola ambayo hakuijua, ana hoja ya kusikilizwa. Kati ya pembe hizo mbili ndipo mashauri mengi ya eneo hili yamezungukia.

Washtakiwa 70: 1932

Hakuna shauri lililodhihirisha mpangilio huu kama lile la Kumwaka mwana wa Mulumbi na wenzake 69. Mwaka 1931, katika nchi ya Wakamba, mwanamke mmoja alituhumiwa kumroga mke wa Kumwaka. Aliletwa ili aondoe uchawi wake. Ilipoonekana ameshindwa au amekataa, wanaume wakamzunguka na kumpiga kwa fimbo hadi akafa. Waliopiga hawakukimbia wala kuficha. Kwa mtazamo wao walikuwa wametekeleza haki ya kale ya jamii dhidi ya mchawi.

Mahakama Kuu ya Kenya ilikuwa na njia moja tu. Imani ya uchawi haikuwa utetezi, na uchokozi unaopunguza mauaji ulitakiwa uwe wa papo kwa papo. Nia ya pamoja ilikuwa wazi kupita kiasi. Mapema 1932 watu 60 kati ya 70 walihukumiwa kunyongwa kwa kifo cha mtu mmoja, na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikaithibitisha hukumu. Habari zilifika magazeti ya Ulaya na maswali yakaulizwa. Mwishowe gavana alizibadilisha hukumu zote 60 kuwa vifungo.

Kisheria shauri lilikwenda sawasawa katika kila hatua. Hapo ndipo penye funzo lake kwa historia hii. Mahakama mbili zilitamka adhabu ambayo hakuna aliyekuwa tayari kuitekeleza, zikimwachia mtu mmoja nje ya mahakama kazi ya kuifanya iwe ya kibinadamu. Jaji hakuuliza nani alileta fimbo ya kwanza, nani alikuwa kijana aliyefuata wazee wake, nani alipiga mara moja akarudi nyuma. Hakuwa na haja ya kuuliza, kwa kuwa jibu lisingebadili neno hata moja la hukumu yake.

Nia inayozaliwa njiani, 1943–1955

Mashauri yaliyofuata yaliipanua kanuni na kuiwekea mipaka kwa wakati mmoja. Mwaka 1943, katika shauri la Tabulayenka kutoka Uganda, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba nia ya pamoja haihitaji mkutano wa kupanga. Inaweza kuzaliwa katikati ya tukio, na inaweza kusomwa katika kuwapo kwa mshtakiwa, matendo yake, na kushindwa kwake kujitenga na shambulio. Uamuzi huo ndio mzizi wa hukumu nyingi juu ya wanaomuua mtuhumiwa wa wizi baada ya yowe kupigwa, wale ambao taarifa za polisi huwaita wananchi wenye hasira kali. Anayetoka nyumbani kwa ajili ya yowe hana kosa. Anayeokota jiwe akaungana na wanaopiga ameingia katika nia ambayo dakika tano kabla haikuwapo.

Mwaka 1945 Baraza la Mfalme, katika rufaa ya Mahbub Shah kutoka India, lilionya kwamba watu wawili kutaka jambo linalofanana hakuwafanyi walitake kwa pamoja. Na mwaka 1955, katika shauri la Wanjiro Wamiro, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilidai uthibitisho kwamba mshtakiwa na mtendaji walishiriki kusudi mahususi lililozaa kosa. Kwa maamuzi hayo, kukutwa tu mahali pa tukio kukawa hakutoshi. Majaji walikuwa wakijaribu kufanya kwenye hatia kile walichozuiwa kukifanya kwenye adhabu: kwa kuwa hawakuweza kumpunguzia mfuasi, walitazama kwa makini zaidi kama kweli alikuwa mfuasi.

Hali ya hatari, 1952–1960

Umakini huo haukuenea kila mahali, hasa Kenya wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa kuzima uasi wa Mau Mau. Usiku wa 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walishambulia Lari, wakaua zaidi ya watu 70, wengi wao wanawake na watoto. Usiku uleule na siku zilizofuata, vikosi vya serikali vililipiza kwa kuua watu wengi ambao hawakufikishwa popote. Katika mashtaka ya Lari watu 309 walipelekwa mahakamani, 136 wakatiwa hatiani na 71 wakanyongwa. Walishtakiwa kwa makundi makubwa, wakiwa na namba ili mashahidi waweze kuwatofautisha, na ushahidi dhidi ya wengi ulikuwa kutambuliwa kwa mwanga wa moto na jirani mwenye uchungu. Mahakama maalumu zilizoanzishwa mwaka huo ziliharakisha mambo zaidi. Kanuni za hali ya hatari zilifanya hata kuambatana na wapiganaji wenye silaha kuwa kosa la kifo, hivyo kundi lenyewe likawa kosa. Hadi 1960 zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamenyongwa, idadi isiyokuwa na mfano katika vita vingine vya Uingereza vya kuzima uasi katika makoloni ya wakati huo.

Huko Uingereza kwenyewe kanuni hiyo ilikuwa inaumiza dhamiri. Januari 1953 Derek Bentley, mwenye miaka 19, alinyongwa kwa kifo cha polisi huko Croydon. Aliyefyatua risasi alikuwa Christopher Craig, mwenye miaka 16, ambaye kwa umri wake hakuweza kunyongwa. Bentley alikuwa tayari ameshikwa na askari wakati risasi iliyoua ilipofyatuliwa. Baraza la wazee wa mahakama lilimwombea huruma, waziri akakataa. Muuaji alitoka gerezani 1963, na hukumu ya aliyenyongwa ikafutwa 1998. Kilio cha umma juu ya kijana huyo kilichangia kufutwa kwa adhabu ya kifo kwa mauaji Uingereza mwaka 1965. Kwa walionyongwa Kenya mwaka uleule wa 1953, kilio cha namna hiyo London kilikuwa hafifu.

Adhabu zisizopindika, 1963–1996

Ingetarajiwa uhuru ulegeze mambo. Kwa ujambazi wa kundi ulifanya kinyume. Tanganyika ilipitisha Sheria ya Adhabu za Chini mwaka 1963, iliyoweka kwa makosa kama unyang'anyi kifungo cha lazima pamoja na viboko 24, nusu mtu anapoingia gerezani na nusu anapotoka. Viboko hivyo vya lazima viliondolewa sheria ilipoandikwa upya 1972, lakini wazo la Bunge kumpangia hakimu likabaki. Marekebisho ya 1989 yaliweka miaka 30 kwa mnyang'anyi aliyekuwa na silaha au aliyekuwa pamoja na mtu mwingine. Kuwa wawili tu kukatosha kuongeza kifungo.

Kenya ilikwenda mbali zaidi. Mapema miaka ya 1970, baada ya wimbi la uvamizi wa benki na nyumba, Bunge liliufanya wizi wa mabavu kuwa kosa la kifo cha lazima. Kifungu cha 296(2) kinataja hali tatu: mshtakiwa awe na silaha ya hatari, au awe pamoja na mtu mwingine mmoja au zaidi, au amjeruhi aliyeibiwa. Wabunge walikuwa wakiwafikiria majambazi wenye bunduki, na hofu yao ilikuwa ya kweli, kwa kuwa watu walikuwa wakiuawa. Lakini neno "au" lilifanya kazi yake. Mwaka 1996, katika shauri la Johana Ndungu, Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba kuthibitishwa kwa hali moja kunatosha. Vijana wawili wasio na silaha waliompora mpita njia simu kwa kumsukuma wakawa na adhabu sawa na genge lenye bunduki, na aliyesukuma akawa sawa na aliyesimama kando.

Magereza ya Kamiti na Naivasha yakajaa watu waliohukumiwa kifo. Hakuna aliyenyongwa Kenya tangu 1987, wala Tanzania tangu katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki alibadilisha hukumu za kifo za watu zaidi ya 4,000 kuwa kifungo cha maisha kwa tamko moja, na mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya hivyo kwa watu 2,747. Gavana wa 1932 alikuwa na faili moja la watu 60. Marais walikuwa na maelfu, na huruma inayotolewa kwa maelfu kwa pamoja haiwezi kumtazama mtu. Aliyeua na aliyebeba begi walipokea kifungo kimoja cha maisha kama walivyopokea hukumu moja ya kifo.

Ubakaji wa kundi, 1998–2015

Kuna makosa ambayo kuwatazama wote kwa jicho moja kulidaiwa na walioumizwa wenyewe, na madai yao yalikuwa ya haki. Ubakaji wa kundi ulikuwa ukiishia mahakamani na mshtakiwa mmoja tu, kwa sababu aliyeshika mikono au aliyelinda mlango alidai kwamba hakubaka. Sheria ya Tanzania ya 1998 juu ya makosa ya kujamiiana ilifunga mwanya huo: kila aliyekuwa katika kundi na kutenda au kusaidia ni mbakaji, naye atafungwa maisha bila kujali sehemu aliyoifanya. Sheria ya Kenya ya 2006 ilimhusisha vilevile aliyekuwapo kwa nia ya pamoja, ikiweka kifungo kisichopungua miaka 15 kinachoweza kufika maisha, hivyo ikamwachia hakimu nafasi ya kupanda juu.

Sheria kali haikuleta haki peke yake. Mwaka 2013 watuhumiwa wa ubakaji wa kundi dhidi ya msichana huko Busia, Kenya, waliachiwa baada ya kuadhibiwa kukata nyasi za kituo cha polisi. Zaidi ya watu milioni moja walitia saini kudai mashtaka. Aprili 2015 wanaume watatu walifungwa miaka 15 kila mmoja. Tatizo la Busia halikuwa uzito wa adhabu iliyoandikwa. Lilikuwa ni kutofika kwa kosa mbele ya hakimu.

Jaji anarudishiwa mizani, 2009–2019

Mgeuko ulianzia Kampala. Susan Kigula na wafungwa wenzake 417 waliohukumiwa kifo walidai kwamba adhabu ya lazima inamnyima mtu nafasi ya kusikilizwa pale anapohitaji zaidi kusikilizwa. Januari 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda ikakubali. Kigula mwenyewe alikuwa ametiwa hatiani pamoja na mfanyakazi wake wa ndani kwa mauaji ya mumewe. Waliporudishwa Mahakama Kuu kupangiwa adhabu upya, Kigula alipata miaka 20 na mfanyakazi miaka 16. Kosa moja, hatia moja, vifungo viwili: jambo ambalo sheria ya awali isingeliruhusu.

Miongozo ya adhabu ya Uganda ya 2013 iliingiza nafasi ndogo ya mtu ndani ya genge miongoni mwa sababu za kumwondolea kifo. Matunda yake yalionekana katika shauri zito kuliko yote. Tarehe 11 Julai 2010 mabomu yaliua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia jijini Kampala. Washtakiwa 13 walitoka Uganda, Kenya na Tanzania. Mei 2016 Jaji Alfonse Owiny-Dollo aliwaachia watano. Kati ya waliotiwa hatiani, watano alifunga maisha, wawili miaka 50, na mmoja, aliyesaidia baada ya kosa kutendeka, alipewa kazi za kijamii. Hakumhukumu yeyote kifo. Chuki ya umma ingeweza kuwatosa wote katika kapu moja, na kupinga msukumo huo katika shauri la namna ile kulihitaji ujasiri ambao haukusifiwa vya kutosha.

Kenya ilichukua njia yenye mizunguko. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ikiwa Mombasa ilitamka katika shauri la Mutiso kwamba kifo cha lazima kwa mauaji ni kinyume cha katiba. Mwaka 2013 majaji watano wa mahakama hiyohiyo wakageuza msimamo. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi katika shauri la Muruatetu, lililoletwa na wawili kati ya watu waliotiwa hatiani pamoja kwa mauaji. Jaji, ilisema mahakama, lazima apime umri, rekodi, majuto, uwezekano wa kurekebika na mengineyo kabla ya kutaja adhabu. Mamia ya wafungwa waliomba kupangiwa upya, na mahakama za chini zikaanza kusoma majalada ya zamani kutafuta lile ambalo mwanzoni halikuandikwa: nani alifanya nini.

Uzoefu huo ulizidi kukomaza kanuni kwamba waliofanana kwa matendo na hali wafanane kwa adhabu, na hakimu anayewatofautisha aeleze sababu. Kiongozi, mwenye silaha na aliyepanga huwekwa juu. Aliyevutwa na mkubwa wake, mwenye umri mdogo, aliyejaribu kujitoa au aliyekiri mapema hushushwa. Maungamo ya mshtakiwa mmoja dhidi ya mwenzake hutazamwa kwa tahadhari, kwa kuwa kila mmoja ana sababu ya kumsukumia mwingine mzigo, na sheria ya ushahidi ya Tanzania inakataza kumtia mtu hatiani kwa maungamo hayo peke yake. Mwaka 2019, katika shauri la shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148 mwaka 2015, mmoja alifungwa maisha na wawili miaka 41.

Mipaka ya mgeuko, 2016–2024

Uingereza, chanzo cha kanuni yenyewe, ilikiri Februari 2016 katika shauri la Jogee kwamba kwa zaidi ya miaka 30 mahakama zake zilikuwa zimepotoka kwa kumhesabu muuaji mtu aliyeona tu uwezekano wa mwenzake kuua. Mahakama za juu za Australia na Hong Kong zilikataa kuifuata. Afrika Mashariki uamuzi huo haukutikisa msingi, kwa sababu hapa kipimo cha tokeo linaloelekea kimeandikwa ndani ya sheria ya Bunge, na jaji hawezi kukifuta kwa kusoma hukumu ya London.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua Novemba 2019 katika shauri la Ally Rajabu na wenzake wanne, waliohukumiwa kunyongwa kwa mauaji katika kesi moja, kwamba kifo cha lazima cha Tanzania kinakiuka haki ya uhai. Iliagiza kifungu kirekebishwe na adhabu ya watano hao ipimwe upya. Katika miaka iliyofuata majaji wa Tanzania waliendelea kutamka kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji, wakieleza kwamba mikono yao imefungwa na sheria. Kwa sababu hiyo mashauri ya vifo vilivyosababishwa na kundi yana mvuto mkubwa kuelekea kuua bila kukusudia, kosa ambalo kifungo chake cha juu ni maisha lakini jaji anaweza kushuka kadiri ushahidi unavyomruhusu. Makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoingizwa katika sheria mwaka 2019, yameipanua njia hiyo.

Kenya nayo iliweka uzio. Julai 2021 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba uamuzi wa Muruatetu unahusu mauaji peke yake. Wizi wa mabavu ulibaki nje, na matokeo yake ni ya ajabu: aliyeshiriki kuua anaweza kupimwa kwa sehemu yake, na aliyesimama kando wakati simu ikiporwa bado anasomewa kifo. Julai 2024 mahakama hiyohiyo ilikataa kuufanya uamuzi wa 2017 kuwa ufunguo wa kufuta vifungo vya chini vya makosa ya kujamiiana, ikisema hiyo ni kazi ya Bunge.

Septemba 2024 mahakama jijini Dodoma iliwatia hatiani wanaume wanne kwa ubakaji wa kundi uliokuwa umerekodiwa na kusambazwa mitandaoni. Wote walifungwa maisha, na kila mmoja akaamriwa kumlipa fidia mwathirika shilingi milioni moja. Chini ya sheria ya 1998 mahakama haikuhitajika kutenganisha sehemu ya mmoja na ya mwingine.